Ndoo Isiyotakaswa

Kituoni, 6 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, ila mgongo bado unanilaumu kwa safari. Natumaini goti lako limetulia na kwamba umeacha kupanda kiti kufuta vumbi juu ya kabati, ingawa najua hapo najidanganya. Mpe Punje busu langu. Mwambie kitanda cha mama yake huku ni chembamba mno, kingemtosha yeye tu.

Simu inashika ukisimama juu ya tangi la maji, na hata ikishika, wewe huzungumza kwenye simu kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Wazima. Hatujambo. Haya." Kisha unakata. Kwa hiyo tuandikiane. Kuna gari linaloleta mahitaji kila wiki, nalo ndilo litakalobeba barua.

Kituo chenyewe ni jengo refu la matofali lililo ukingoni mwa ghuba, na maji ya kazi tunayachota humo humo ghubani. Chumba changu cha kazi hakina dirisha. Ngisi ninaowachunguza hujifukia mchangani mchana na kutoka usiku, basi tumewageuzia saa. Taa zinawaka usiku kucha, na asubuhi tukiingia kazini tunazizima, nao wanadhani jua limezama. Watu wengine wanakunywa chai, mimi nimefunga mlango nimekaa gizani.

Ngisi huyu mzima mzima anatosha kwenye kiganja chako. Tumboni ana kifuko, na ndani ya kifuko wanaishi bakteria wanaotoa mwanga. Yeye anawapa chakula na makazi, wao wanamwangazia upande wa chini, ili samaki mla nyama akitazama juu asione kivuli chake, aone mbalamwezi tu. Miaka kumi na miwili nimemsoma, nimemkata vipande, nimemwangalia kwa darubini, lakini siku zote akiwa maiti. Jana nilimwona akiwa hai. Nilingoja macho yazoee giza, na polepole nikaona kitu cha buluu kinaelea mbele yangu, hafifu, kimetulia. Mama, nilishika mdomo. Sikuthubutu hata kupumua kwa nguvu.

Sasa jambo lenyewe. Daktari alisema mbele yetu wote wawili kwamba mapafu ya Punje yamepona, na kwamba njiti wa jana leo ni mtoto kama wengine. Tulikubaliana aanze shule wiki hii. Ameanza? Sare ilimtosha? Niambie kila kitu, hata kama alilia.

Mwanao

*

Nyumbani, 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaniuma mvua ikikaribia, kwa hiyo limekuwa na manufaa, naanua nguo mapema kuliko majirani. Jirani wa juu amenunua redio mpya na mtaa mzima tunaisikiliza bila kuombwa. Punje hajambo, anakula, ameota jino la mbele na analiangalia kwenye kijiko siku nzima.

Nimesoma habari za ngisi wako. Nimeduwaa kidogo, sikufichi. Lakini umesema maji mnachota ghubani. Maji ya ghuba ni machafu, kila mtu anajua kinachotiririkia humo. Usitie mkono ukiwa na mchubuko. Na vyombo vyako unavitakasaje? Usije ukanitia aibu huko. Nilifanya kazi chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji tangu hujazaliwa mpaka siku ya kustaafu, na hakuna kisu kilichotoka mikononi mwangu kikampelekea mgonjwa wadudu. Utaratibu unaujua, nilikulea nao. Chombo kinalowekwa kwenye klorini usiku kucha, kinaanikwa, na kikishatakaswa hakiguswi tena na maji ya mtu yeyote. Anayesuuza kilichokwisha takaswa anarudisha uchafu kwa mkono wake mwenyewe.

Sare ilimtosha vizuri. Nimeipiga pasi, imetundikwa.

Vaa kitu cha joto humo gizani.

Mama yako

*

Kituoni, 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu juu ya jino na kijiko. Naomba uliweke lile la utoto lililong'oka, usilitupe. Afya yangu nzuri, isipokuwa nimeanza kupauka kama kitu kilichosahauliwa chini ya kochi.

Nimefurahi kuhusu sare. Mwalimu wake ni mkali au mpole? Punje anakaa mbele au nyuma? Ana rafiki?

Mayai yameanguliwa. Kila mtoto wa ngisi ni mdogo kama punje ya mchele, na nimewaita wote jina la mwanangu, maana sikupata lingine. Ngoja nikusimulie jambo linalonikosesha usingizi. Ngisi huzaliwa giza tupu. Hana hata bakteria mmoja, na mama yake hampi, hayupo. Yule wa kumwangazia yuko nje, anaelea majini katikati ya vijidudu vya kila aina visivyo na idadi, na wa aina yake ni wachache mno. Mtoto ana saa chache tu za kumpata. Anatandaza ute mdogo kwenye mlango wa kifuko, na katika umati wote ule anawakataa wote, anamruhusu huyo mmoja. Hakuna aliyemfundisha. Mpangaji akishaingia, kifuko chenyewe kinaanza kubadilika umbo na kukomaa, na mlango wa kuwakaribishia unavunjwa. Asipoingia, kifuko kinabaki vilevile, chumba kimejengwa na hakuna anayekaa.

Na kuna lingine. Kila kunapokucha, ngisi mkubwa anawatoa nje karibu bakteria wake wote, anawamwaga baharini, anabaki na wachache ambao watazaana mpaka jioni. Zamani niliona huu ni ubadhirifu. Lakini hao wanaomwagwa asubuhi ndio wanaokuwa majini wakati watoto wa wengine wanaanguliwa.

Kazi yangu hapa ni kujua kama maji ya ghuba hii bado yana bakteria hao. Ndoo zangu nazitakasa kwa utaratibu wako. Fundi wa pampu anasema nikipita na ndoo, harufu ya klorini inamkumbusha alivyofanyiwa upasuaji wa ngiri.

Wangu wanaendelea.

Mwanao

*

Nyumbani, 11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima. Mwambie huyo fundi kwamba aliyepona ngiri ashukuru harufu ile.

Umeandika ukurasa mzima juu ya ngisi wa vitabuni, na wako ukawapa maneno mawili. Wanaendelea. Nimekuzaa mimi, usinipige chenga. Kazi ikiwa ngumu sema ni ngumu.

Habari ile ya ngisi nilimsomea Punje. Aliitaka mara nne. Sasa akioga anakaa kimya majini amefumba macho, nikimuuliza anafanya nini, anasema anachagua.

Mtoto huyu ananichekesha. Kila saa nne asubuhi, shule ya ng'ambo ya barabara wakitoka kucheza, yeye ameshavuta kiti dirishani. Anawajua wote. Kuna mmoja amempachika jina Kiatu Kimoja, kwa sababu kila siku anapoteza kimojawapo na kurudi darasani akichechemea. Kuna wawili wenye kamba ya kuruka ambao hugombana na kupatana kabla kengele haijalia. Juzi aliniuliza, "Bibi, wale wananiona?" Nikamwambia kioo kinang'aa kwa jua, huenda hawaoni. Akafikiri, akasema basi tukifute zaidi. Tumekifuta, ndani na nje. Ni mtoto msafi, amenifuata mimi.

Habari za mwalimu nitakuandikia siku nyingine, kalamu hii inakwama.

Mama yako

*

Kituoni, 30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Goti lako, jirani na redio yake, vyote navikumbuka, lakini leo niwie radhi, salamu zangu ni fupi kwa sababu nina mambo mawili na sijui nianze na lipi.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa chumba cha kazi. Nilipofika kwenye kioo nilisoma mara ya pili, nikaikunja. Saa nne asubuhi watoto wa shule wako uwanjani, na mwanangu yuko nyumbani kwenye kiti. Nilishikwa na hasira, Mama, sitaficha. Nikaenda ghubani kuchota maji ya siku ile bila kuona vizuri ninapokanyaga, na nikabeba ndoo iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya fundi wa pampu, ile anayooshea miguu. Ilikuwa na tope pembeni. Niligundua baadaye kabisa, watoto wa ngisi wakiwa wameshaingia humo, nikasema basi, potelea mbali.

Ulikuwa sahihi, nilikuficha. Tangu waanze kuanguliwa hakuna aliyewaka. Hata mmoja. Kila siku nilichota maji kwenye ndoo nyeupe safi, nikawatia, nikangoja, na kila siku mashine ya kupima mwanga ilinionyesha sifuri. Mkuu wa kituo alikuwa ameanza kuandika kwamba ghuba hii haina tena mbegu ya mwanga, na kwamba ngisi wake watakwisha kwa kuonekana na samaki wanaowala. Nilikuwa nimekubali kutia sahihi.

Kesho yake nikawapima wale wa ndoo ya tope. Mashine ikaruka. Nikaigonga, nikidhani imeharibika. Nikapima maji matupu, sifuri. Nikapima wale wa ndoo zangu, sifuri. Nikarudi kwa wale wa tope, ikaruka tena. Nikamwita mkuu wa kituo, naye akamwita fundi, tukazima kila kitu na kuziba mwanga wa chini ya mlango kwa koti langu. Macho yetu hayakuweza kuona mwanga mdogo kiasi kile, punje haziangazi kama wakubwa. Tuliisikia tu mashine ikitatarika gizani kwa kila kichupa nilichokiweka, na kila ilipotatarika nilijua humo ndani mtu amefika nyumbani. Wapangaji hao wametoka katika ghuba nzima, katika uchafu wote ule, wakaukuta mlango ulio mdogo kuliko ncha ya sindano. Fundi wa pampu alikuwa ameshika mkono wangu na sidhani alijua.

Tangu hapo nimerudia mara nyingi, jibu ni lilelile. Klorini ilikuwa imejificha kwenye plastiki ya ndoo zangu, na mimi kwa kutosuuza nilikuwa nawaua wale wachache tu niliokuwa nawatafuta. Kisu cha daktari kinataka utaratibu wako. Mtoto wa ngisi hautaki. Ghuba haijafa, ni chafu na ni nzima.

Na sasa la pili. Punje hajaanza shule.

Najua unachokiogopa. Wewe na mimi hatujamtaja kaka yangu tangu tulipomzika, nami nilikuwa mdogo, nikadhani kutomtaja ni adabu. Alipata homa akafa ndani ya wiki moja, na wewe ulikuwa zamu, unatakasa visu vya watoto wa watu. Hukukosea popote, Mama. Hakuna ambacho ungekisugua kikamzuia asiende. Lakini Punje si yeye. Na kila siku anayokaa nyuma ya kioo, kuna chumba ndani yake kinachongoja watu.

Nakuomba umfungulie mlango.

Mwanao

*

Kituoni, 9 Juni

Mama,

Shikamoo. Gari linakuja na kuondoka, na sina barua. Jana nilipanda juu ya tangi kukupigia, nikaokota "Wazima", kisha ukakata, na nyuma yako nikasikia mtu anakohoa.

Sikuombi radhi kwa nilichokuomba. Nakuomba radhi kwa kumtaja kaka kwenye karatasi wakati nilipaswa kumtaja nimekaa karibu yako. Nani anakohoa?

Mwanao

*

Nyumbani, 2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Aliyekuwa anakohoa ni Punje, amepona, kaa chini usome kwa utaratibu.

Nilikasirika. Barua yako niliitia kwenye droo ya vijiko na nikasafisha nyumba wiki nzima, mpaka kuta zikaanza kuachia rangi. Niliona umechukua ngisi wako ukanichapa nao. Halafu Punje akaenda kutafuta kijiko cha kuangalia jino lake, akaitoa, na wewe unajua siku hizi anasoma chochote, silabi kwa silabi. Nilimkuta amekaa sakafuni. Hakuuliza habari ya shule. Hakumuulizia mjomba ambaye hakuwahi kumjua. Aliniuliza hivi, "Bibi, wa ndoo safi walifanywaje?"

Siku iliyofuata nilitungua ile sare, nikaipiga pasi upya ingawa haikuwa na hata mkunjo, na tukavuka barabara. Mkono wake nilikuwa nimeubana mpaka akaniambia unamuuma. Mwalimu ni mpole, umeuliza siku nyingi. Punje amekaa nyuma.

Na baada ya muda mfupi akaugua, kama nilivyojua. Homa, kikohozi, macho mekundu. Ndiyo sababu ya kimya changu. Nilikaa kando yake roho mkononi, na kalamu sikuigusa, kwa sababu ningeandika jambo moja tu, kwamba nilikuambia. Daktari alikuja, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema ni mafua, nusu ya darasa wanayo. Nilimwambia arudie kumsikiliza. Akarudia, hana neno yule kijana, akasema tena ni mafua. Mwanangu, sikujua kama mtu anaweza kulia kwa furaha ya mafua. Punje alipoamka akiwa baridi, neno la kwanza lilikuwa ni kama ameshachelewa kengele.

Alipoondoka asubuhi ile, niliona miguu yangu imenipeleka kwenye kiti cha dirishani. Saa nne wakatoka. Nilimtafuta nisimwone, kisha akatokea katikati ya uwanja, akageuka moja kwa moja mahali nilipokaa, akanipungia. Na wale wengine wote nao wakanipungia. Wananiona, kumbe. Kioo hakizuii kitu. Jioni akaniambia kwamba walikuwa wanamwona tangu zamani. Walishampa jina, Wa Dirishani, na Kiatu Kimoja alikuwa kila siku anarusha kiatu chake upande wetu makusudi, ili apate sababu ya kukifuata ukutani na kumtazama kwa karibu. Miezi yote hiyo nilidhani mtoto yule ni mzembe.

Kaka yako alikuwa anarudi na udongo mifukoni. Nilikuwa namgombeza, kisha akilala nautoa mfukoni kwa kidole, naushika kidogo kabla ya kuutupa. Hilo sijapata kumwambia mtu. Ukija nitakueleza mengine.

Leo amekuja nao nyumbani, watoto sita. Usidhani nimebadilika sana, niliwapanga mstari kwenye beseni wakaosha mikono mpaka viwiko, na Punje alisimama kando akiwasimamia kama mimi zamuni. Wanasema watakuwa wanaosha hivyo hata kwao. Walipokwenda, maji yalikuwa meusi. Siku nyingine ningeyamwaga hapo hapo na beseni ningelisugua. Nilikuwa nimeshaliinua. Punje akanishika kanga, akasema tusiyamwage kwanza, huenda wale wa kuwaka wamo.

Tukavuta mapazia, tukazima taa, tukakaa sakafuni na beseni katikati yetu. Goti langu lilikataa, nikalilazimisha. Hakuna kilichowaka. Nilitaka kuinuka, Punje akaniwekea mkono mdomoni, akanong'ona kwamba tungoje macho yazoee.

Tuliendelea kungoja.

Mama yako